Bunge la wanafunzi la jimbo: maswali mnayoniuliza kila mwaka kuhusu nani anafanya kazi gani

Kila ikifika mwezi wa tisa, shule zimeshafunguliwa na vilabu vinaandikisha watoto, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Kikongo, Watanzania wenzangu, Wakenya, wote wanauliza yale yale, mtoto kaja na fomu anasema anaenda kuwa mbunge Austin, mji mkuu wa Texas, hii ni kitu gani? Mimi naishi Houston, Texas, ni mshauri wa kujitolea kwenye klabu ya shule moja, wanangu wawili wamepita humo. Nimechoka kutuma voisi za dakika nane, so naandika mara moja hapa, mtu akiuliza namtumia hii.

Kwanza hii kitu ni nini hasa?

Ni bunge la mfano. Watoto wa sekondari wanaandika miswada, wanaijadili kwenye kamati, wanaipigia kura bungeni, wanachagua gavana wao, na siku za mkutano mkuu wanakaa kwenye jengo lenyewe la bunge la jimbo, viti vile vile wanavyokalia wakubwa. Programu kongwe na inayojulikana zaidi ni ya YMCA, inaitwa Youth and Government, ilianzia New York mwaka 1936 chini ya mtu anaitwa Clement Duran, sasa hivi iko kwenye majimbo mengi ya Marekani. Na nikisema jimbo hapa simaanishi jimbo la uchaguzi kama Temeke au Ubungo, namaanisha Texas, Kentucky, Ohio, kila moja na katiba yake, gavana wake na bunge lake.

Mbona kuna mabunge mawili? Mtoto anasema yeye ni seneta, rafiki yake mwakilishi

Wakenya hili mnalijua, mna Seneti na Bunge la Taifa. Sisi wa Tanzania Bara ndo linatuchanganya, tumezoea bunge moja Dodoma. Wazanzibari hata jina hawashangai, Baraza la Wawakilishi wanalo kwao.

Texas ina Baraza la Wawakilishi lenye watu 150 na Seneti yenye watu 31. Mswada lazima upite kote kuwili ukiwa na maneno yale yale, ndo uende kwa gavana. Jimbo pekee lenye bunge moja ni Nebraska, maseneta 49 basi. Kwa mtoto maana yake ni kwamba akishinda kwenye nyumba moja asishangilie sana, kuna watu wengine hawajausikia kabisa mswada wake na wanamsubiri kwa hamu.

Mwanangu anataka kuwa gavana. Nimsaidieje kampeni?

Haya. Kila mwaka nikiuliza darasa nani anataka nini mikono kumi inanyooka kwa ugavana, na karani hamna hata mmoja. Naelewa, sisi wenyewe wazazi ndo tunawatia hizo, tunataka picha ya mtoto na bendera nyuma tuwatumie watu wa nyumbani.

Ila nikwambie kazi ya gavana wa vijana ilivyo. Anachaguliwa na wenzake, mara nyingi mwaka mmoja kabla ya kuongoza, anatoa hotuba, halafu siku za mkutano anakaa ofisini na timu yake anasoma miswada iliyopita, anasaini au anaweka turufu. Akiikataa anatakiwa aandike sababu na sababu iwe na kichwa na miguu, maana mwenye mswada atakuja kumuuliza. Ni kazi ya kusoma, siyo ya kupunga mkono. Gavana wa kweli wa Texas anapewa siku 10, Jumapili hazihesabiwi, asiposaini wala kukataa mswada unakuwa sheria wenyewe. Bunge likimbishia turufu yake linahitaji theluthi mbili ya kila nyumba.

Halafu kuna kitu watoto wengi hawakijui. Texas anayeongoza Seneti ni Naibu Gavana, yeye ndo anaamua mswada uende kamati ipi, na kura zikilingana anapiga yeye. Waliokaa Austin muda mrefu watakwambia hicho kiti kina nguvu kuliko jina lake. Mtoto wako kama anapenda kuendesha mambo kuliko kuonekana, mwambie aangalie huko.

Sawa, kama ni mbunge wa kawaida tu anafanya nini?

Ndo kazi yenyewe hiyo, hakuna "tu" hapo. Mbunge ana vitu viwili, mswada wake na miswada ya wenzake. Wengi wanakumbuka cha kwanza, cha pili wanasinzia.

Mswada wake anauandika mwenyewe au na mwenzake. Una kichwa, una ile sentensi ya kutunga sheria ambayo katiba ya Texas inailazimisha kila mswada uwe nayo, una tafsiri ya maneno, una vifungu vinavyosema nani afanye nini, adhabu kama ipo, hela zinatoka wapi, na lini inaanza kutumika. Hela. Narudia hela, kwa sababu swali la kwanza kwenye kamati ni "nani analipa?" na mtoto akijibu "serikali" wanacheka.

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili aliandika mswada kwamba shule zisitumie watoto kama wakalimani kwenye kikao cha mzazi na mwalimu. Aliutoa kwenye maisha, kuna mama jirani yetu Mkongo alikuwa anatafsiriwa na binti yake wa miaka tisa kuhusu makosa ya kaka yake, na binti anapunguza kila neno, mwalimu anasema "amesimamishwa siku tatu" binti anasema "mwalimu anakusalimia". Sasa dogo kasimama kwenye kamati kaongea vizuri machozi karibu yanitoke, msichana mmoja wa shule nyingine kanyoosha mkono taratibu kauliza: sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 si tayari inazibana shule zinazopokea hela za serikali kuu ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa, sasa mswada wako unaongeza nini? Kimya. Unasikia kiyoyozi tu.

Hakuwa ametafuta. Alikuwa na hadithi, hakuwa na utafiti. Bahati nzuri mwenyekiti wa kamati akampa nafasi ya marekebisho, wakakaa na yule yule msichana pembeni, wakaongeza kifungu cha mzazi kulalamika na shule kujibu ndani ya siku 30. Mswada ukapita kamati kwa kura mbili. Msichana aliyemkaba ndo aliyeuokoa, na yeye alikuwa anafanya kazi yake ya pili ile niliyosema, kusoma miswada ya wenzake. Angekuwa kasinzia mtoto wangu angeenda na kitu kitupu mbele ya watu mia moja na hamsini.

Kamati ni lazima? Si wangeenda moja kwa moja bungeni

Miswada ni mingi, muda ni siku mbili tatu. Kamati inachuja. Inaupanga upi uanze, upi ufuate, na wa mwisho kwenye orodha kuna uwezekano mkubwa usisikilizwe kabisa. Mwenyekiti wa kamati anatakiwa awe na saa mkononi na ubaridi moyoni, anamkata hata rafiki yake sekunde zikiisha.

Spika anachaguliwa vipi na anafanya nini cha maana?

Anagombea kama gavana, anapigiwa kura na wenzake, programu nyingine wanampa mtihani wa kanuni kwanza, na huo mtihani wanafeli wengi.

Kazi yake ni kuhakikisha kila upande unasikika na kanuni zinafuatwa, basi. Yeye hachangii mjadala. Kama umeangalia Bunge la Dodoma kwenye tivii unajua ule mtindo, mtu anaruka "Mheshimiwa Spika, taarifa!", mwingine "kuhusu utaratibu!", Spika anakaa, anafikiri, anasema wanaosema ndiyo waseme ndiyo, wanaosema siyo waseme siyo, waliosema ndiyo wameshinda. Huku ni hivyo hivyo kwa Kiingereza. Watoto wetu waliokua wanamsikiliza babu akibishana na redio wanalishika hili haraka kuliko mnavyodhani. Tofauti ni kwamba huku hakuna kushika shilingi ya waziri, mawaziri hawakai bungeni kabisa, gavana na watu wake wako upande wao.

Kitu kimoja kidogo nakipenda. Kwenye Baraza la Wawakilishi la Texas la wakubwa, kila upande unamweka mtu mbele ananyoosha kidole kimoja maana yake piga ndiyo, vidole viwili piga hapana, ili wanaorudi mbio kutoka kunywa chai wajue wabonyeze kitufe kipi. Watoto wetu wanaliiga hilo siku ya kwanza tu, mpaka kwenye foleni ya chakula.

Karani ni kazi ya mtu aliyekosa nyingine?

Hapana, na hapa nitaongea kidogo kwa uchungu.

Karani anapokea miswada, anaipa namba, anasoma kichwa, anaandika matokeo ya kura, anachukua karatasi za marekebisho na kuhakikisha nakala inayoenda nyumba ya pili ndo ile iliyopitishwa. Mwaka wangu wa kwanza kwenda Austin nilimwona karani wa miaka kumi na tano, kachoka, folda zimejaa mezani, karatasi moja ya marekebisho ikaingia chini ya folda nyingine. Mswada ukapigiwa kura, ukapita, ukapelekwa nyumba ya pili bila yale marekebisho. Kule wakauliza maswali kuhusu kifungu ambacho kilikuwa kimeshafutwa, mwenye mswada anasema "hicho tumekitoa", wao wanasema "hapa kipo", ukaanguka. Karatasi ilionekana jioni wakati wa kufagia.

Na msiseme ni mambo ya watoto. Bungeni kwa wakubwa Texas mtu anaweza kusimama akasema kuhusu utaratibu, kumbukumbu za kamati zimekosewa hapa, na Spika akikubali mswada unaweza kufa hapo hapo au urudi nyuma siku ambazo hauna. Kuna wabunge wana sifa ya kutafuta makosa ya namna hiyo tu, wanasoma karatasi kama fundi saa. Kwa hiyo mtoto wako ambaye daftari lake liko safi, anayejua charja ya kila mtu iko wapi, mpe ukarani ajidai nao.

Tarishi na askari wa bunge ni nini? Mdogo wake wa darasa la saba anaweza?

Tarishi ndo kazi ya wadogo kwenye programu nyingi, wale wa shule ya kati. Bungeni huruhusiwi kutembea tembea na kuongea na mtu, so unaandika kikaratasi, unanyanyua mkono, tarishi anakuja mbio anapeleka. Nusu ya siasa inapita kwenye hivyo vikaratasi, unga mkono wangu nami nitaunga wako. Nusu nyingine ni "una Snapchat?" Ndo maana tarishi ana ruhusa ya kufungua karatasi, na zile za upuuzi zinaishia kwa askari wa bunge, ambaye ndo anasimama mlangoni, anaangalia beji, anahesabu waliomo, na kumtoa nje anayeleta fujo.

Tarishi mzuri anarudi mwaka unaofuata anajua bunge lote lilivyo.

Kuhesabu waliomo kwa nini? Wakitoka si wametoka

Akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa wawepo. Bila akidi hakuna kura. Texas akidi ni theluthi mbili, maana yake Baraza la Wawakilishi linahitaji watu 100 kati ya 150, na Wademokrati ambao ni wachache wameitumia hiyo mlango wa nyuma mara kadhaa. Mwaka 2003 wakakimbilia Ardmore, Oklahoma, 2021 wakapanda ndege kwenda Washington, 2025 wakaenda Illinois, ili tu kikao kisifanyike. Wakasakwa na polisi wa jimbo na yote. Wengine wanaona ni ushujaa wengine wanaona ni utoro, kwangu inategemea mswada.

Watoto wanaijua hii hadithi na kila mwaka kuna mjanja anapendekeza wote watoke. Jibu langu ni lile lile, wewe ukitoka utarudi hotelini na nitakuwa nimekaa kwenye kochi la mapokezi nakusubiri.

Anaweza kuongea bila kukoma kama wale wa kwenye tivii?

Hapana. Huku ana dakika mbili tatu, mwenyekiti anagonga rungu. Kwenye Seneti ya kweli inawezekana, seneta anaongea mpaka muda wa kupiga kura uishe, ila ni mateso, husimami kwa kuegemea, huli, hunywi, huendi chooni, hutoki nje ya mada. Seneta Bill Meier mwaka 1977 alisimama saa 43. Seneta Wendy Davis mwaka 2013 alisimama kama saa 11 na raba za pinki kuzuia mswada wa kubana utoaji mimba, wakamhesabia makosa, moja ni mwenzake kumsaidia kufunga mkanda wa mgongo. Mswada ule ulikwama usiku ule, mwezi uliofuata ukaitwa tena kwenye kikao kingine ukapita.

Hotuba anaogopa. Kuna kazi nyingine?

Zipo. Kuna mahakama ya mfano, mtoto anakuwa wakili au jaji, japo huko nako anaongea. Kuna waandishi wa habari, wanatoa gazeti na video za mkutano, na wana raha ya kumuuliza gavana maswali ya kumtoa jasho. Baadhi ya majimbo yana washawishi, hawa hawana kura, wanapewa upande wa kutetea wanakaa koridoni wanavuta watu mkono. Kwa mtoto mpole wa maandishi, gazeti.

Kiingereza chake bado, ana lafudhi

Aende. Mwaka wa kwanza mwambie aandike maswali matatu kila siku na aulize moja tu kwa sauti. Kanuni zina maneno ya kukariri, na mtu mwenye lugha ya pili anakariri vizuri kuliko hawa waliozaliwa nayo. Kila mtu huko anaongea kwa maneno ya kukopa, wanasema "naomba nafasi ya uwanja", yaani ruhusa ya kuongea, wakati nyumbani wanaongea matusi.

Mimi mzazi na wewe mshauri kazi yetu nini?

Kusaini fomu, kulipa au kuomba punguzo (YMCA wana msaada wa ada, uliza mapema, usione aibu), suti au hata shati safi na tai ya kuazima, na kumwacha. Usimwandikie mswada. Nimeona mswada wa kodi ya mafuta ulioandikwa na baba mhasibu, mtoto aliulizwa maana ya neno la pili akamwangalia baba yake kule juu kwenye roshani.

Mshauri anafundisha kanuni, anasafiri nao, anahesabu vichwa usiku, na anatuma miswada kwenye mfumo kabla ya dedilaini. Hili la mwisho mwaka mmoja nililisahau mimi mwenyewe, nilidhani ni Ijumaa kumbe Alhamisi usiku. Miswada minne ya watoto wangu ikawekwa mkiani mwa orodha, mmoja haukusikilizwa kabisa. Mwenye huo mswada hakunisemesha mpaka Pasaka na alikuwa na haki. Siku hizi nina alamu tatu.

Hii ni tofauti na Boys State na Girls State?

Ndiyo. Zile ni za American Legion (chama cha wanajeshi wastaafu) na American Legion Auxiliary (chama chake dada), Boys State ya kwanza ilikuwa Illinois mwaka 1935. Ni za wiki moja hivi kipindi cha kiangazi, wavulana kwao wasichana kwao, kwa kawaida wanaoelekea mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtoto anapendekezwa. Wanaanza na mji wa kubuni, kata, kaunti, mpaka jimbo, na wanagawanywa vyama viwili. Bill Clinton alipompa mkono Rais Kennedy mwaka 1963 ilikuwa kupitia huko, kwenye ngazi ya taifa. Mtoto anaweza kufanya zote mbili.

Mswada ukipita unakuwa sheria?

Hapana, ni wa mfano. Ila hakuna anayemkataza kuutuma kwa mwakilishi wake wa kweli, barua pepe ya ofisi iko wazi.

Na ukianguka? Wa kwangu anachukulia mambo moyoni

Ataumia. Usimwambie "ni mchezo tu", kwake siyo mchezo. Yule wa kwangu wa ukalimani, baada ya kamati ulikwenda mpaka Seneti ukaanguka kwa kura tatu. Kwenye basi alilia kuanzia Austin mpaka Bastrop, nimemwachia siti ya dirishani, simsemeshi. La Grange tukasimama kula kuku. Tulipokaribia Katy nikageuka nikaona kawasha taa ya juu, kafungua daftari, anaandika majina ya maseneta watatu kati ya waliomkatalia na pembeni ya kila jina swali waliloliuliza.